Mzee Aliyekufa Kila Umeme Uliporudi

Nyie vijana mnaotembea na kompyuta mgongoni kama mama aliyebeba mtoto, nina neno nanyi. Mimi nimestaafu. Goti moja linauma, miwani niliikalia juzi ikavunjika mkono, na bado haipiti wiki mmoja wenu hajapiga hodi hapa kwangu Ngokolo: "Shikamoo babu. Kompyuta ikiwaka, programu yangu ya seva haijiwashi yenyewe. Nifanyeje?"

Namkaribisha, namwambia akae, kisha namuuliza swali moja tu: "Una hakika unataka ijiwashe?"

Mnacheka. Mnadhani uzee umenipanda kichwani. Sasa nawaandikia ili nisirudie tena hadithi hii kwa mdomo, maana chai yangu hupoa. Mimi, kwa mikono hii mnayoiona, nimewahi kumuua mtu mara tano kwa programu inayojiwasha. Mtu yule yule mmoja. Na mara tatu kati ya hizo alinishukuru.

Kazi yangu ya mwisho kabla ya kustaafu ilikuwa kwenye redio ndogo hapa mjini Shinyanga. Ndogo kweli, vyumba vitatu na choo cha nje. Lakini tulikuwa na mnara wa pili, basi tulisikika Songwa kwa wafugaji, tukasikika Bugarama, tukasikika mpaka kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Geita. Msidhani watu walitusikiliza kwa habari au muziki. Walisikiliza matangazo ya vifo. Huku kwetu, mtu akifa bila kutangazwa redioni, kifo chake ni uvumi tu. Watu watakwambia, "Tumesikia, lakini redio haijasema."

Msomaji wa matangazo hayo alikuwa Kwilasa. Kijana mcheshi, mla chapati hodari, lakini Mungu alimpa sauti ya kaburini. Akisoma habari za mvua kuanza, watu wanatoa leso.

Kila tangazo Kwilasa alilirekodi, likaingia kwenye kompyuta moja iliyokaa stoo. Ndani yake kulikuwa na programu, seva yetu, ambayo kazi yake ni kufungua orodha ya siku ile na kurusha kimoja baada ya kingine. Kazi nzuri. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja. Umeme ukikatika, redio kimya. Umeme ukirudi, kompyuta inawaka yenyewe vizuri tu, lakini programu imelala mpaka mtu aende kuibonyeza. Mtu huyo alikuwa mimi. Napigiwa simu, napanda baiskeli. Nimewahi kutoka kanisani kwenye harusi ya mpwa wangu, pete ikiwa bado hewani. Betri kubwa ya akiba tulikuwa nayo, ila ilishakufa zamani. Kwilasa aliigeuza kigoda.

Siku moja meneja wetu, Mama Sayi, alinisimamisha mlangoni. Mama Sayi hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Alishusha, na hapo ndipo unaogopa.

"Baba Minza, mimi nina jogoo. Hana cheti hata kimoja. Lakini anaamka mwenyewe. Hiyo mashine yako mpaka iamshwe?"

Nikamwambia, mama, nipe siku mbili.

Siku ya kwanza nikafanya kosa ambalo najua nyote mmelifanya, msijifiche. Nikaiweka programu kwenye vile vitu vinavyoanza pale mtu anapoingia kwenye kompyuta kwa jina lake na neno lake la siri. Nikabonyeza, nikaona inafanya kazi, nikaenda zangu nyumbani nimevimba kichwa. Kesho yake umeme ukakatika, ukarudi. Kimya. Nikapanda baiskeli. Kufika, kioo kinaniuliza jina. Programu iko tayari kabisa, ila inamsubiri mtu aingie, na hakuna anayeingia. Ilikuwa kama mkwe aliyefika ukweni akasimama nje, hawezi kukanyaga kizingiti mpaka akaribishwe.

Basi, lishikeni hili. Seva haiamshwi na mtu kuingia. Iandikisheni kama huduma ya mashine yenyewe, iwake hata kama nyumba nzima mmekwenda mnadani. Ipeni jina lake la mtumiaji, si la bosi, maana siku bosi akibadili neno la siri mtalia. Na njia ya faili iandikeni nzima kuanzia mzizi, kwa sababu mashine inapoamka haijui wewe huwa unafanyia kazi wapi. Yote hayo nilifanya siku ya pili.

Kisha nikaongeza akili yangu. Loo, akili yangu! Nikajiuliza, je, programu ikiamka ikakosa orodha ya leo? Redio isikae kimya. Nikaandika kasheria kadogo: ukikosa orodha ya leo, chukua ya kwanza unayoikuta. Nikasahau kwamba orodha zimepangwa kwa tarehe, kwa hiyo ya kwanza ndiyo kuukuu kuliko zote.

Nikaijaribu. Nikaizima kwa utaratibu na kuiwasha upya mara saba. Mara zote saba ikaamka ikarusha. Mama Sayi akatununulia soda. Kwilasa akasema, kwa sauti ile yake, "Hongera Baba Minza," nikahisi nimefiwa.

Jumanne saa nne asubuhi umeme ukakatika, saa tano ukarudi. Tulikuwa tumeketi watatu ofisini. Tukasikia mashine inavuma kule stoo. Mimi nimekunja mikono, natabasamu. Redio ya mezani ikakoroma kidogo, halafu ikatoka sauti ya Kwilasa:

"Familia ya Mzee Masanja wa Songwa inasikitika kutangaza kifo cha baba yao mpendwa. Habari ziwafikie Kulwa aliyeko Geita, Doto aliyeko Bugarama, na Shija popote alipo."

Tukamgeukia Kwilasa. Amekaa kwenye kigoda chake, chapati imejaa mdomoni, macho yamemtoka. Akatikisa mikono yote miwili kwamba si yeye. Akameza kwa shida. "Jamani, mimi niko hapa!"

Mama Sayi akauliza, "Huyo Masanja amekufa lini?"

Kwilasa akawaza. Uso ukambadilika. "Mama," akasema, "huyo hakufa."

Ilikuwa hivi. Siku redio inafunguliwa, tangazo la kwanza kabisa kuletwa lilikuwa la huyo mzee wa Songwa, mfugaji. Aliugua, akazimia, ndugu wakaanza kulia, mmoja akakimbilia redioni. Kwilasa akarekodi. Kabla halijarushwa ikapigwa simu: msitangaze, mzee ameamka anaomba uji. Wakaliacha. Lakini kuacha si kufuta. Tangazo lilibaki kwenye orodha ya siku ile ya kwanza, limekaa kimya miaka yote, linangoja mjinga wa kuliamsha. Mjinga akapatikana.

Ya kule Songwa nilisimuliwa baadaye. Mzee Masanja alikuwa zizini anamkagua ndama, akaona akinamama wanakuja na vigae vya moto na unga kichwani wanalia. Akawauliza, "Nani kafa?" Wakaendelea kulia hatua kama kumi hivi kabla hawajatambua ni nani anayewauliza. Mmoja alitupa unga akakimbia. Jioni Kulwa na Doto, wanawe mapacha, wakafika na pikipiki kutoka machimboni, macho mekundu. Mbuzi alikuwa keshachinjwa, basi akaliwa tu.

Sisi tukaomba radhi hewani. Mama Sayi akaamini Kwilasa alibonyeza vibaya. Kwilasa akaapa kwa marehemu bibi yake. Alhamisi umeme ukakatika tena, ukarudi, Mzee Masanja akafa mara ya pili.

Hapo nikajifungia stoo. Mashine inaandika kumbukumbu ya kila inachofanya, isomeni jamani, msikae mnaipiga piga makofi kama redio ya mkulima. Nikasoma. Mstari wa kwanza wa kuamka ulikuwa na tarehe. Januari mosi ya mwaka ilipotengenezwa.

Nikafungua tumbo la mashine. Mle ndani kuna kibetri kidogo kama kifungo cha koti, kazi yake kuilindia saa mashine ikikosa umeme. Kilikuwa kimekufa kabisa. Umeme ukikatika, saa inapotea. Ukirudi, mashine inaamini ndiyo kwanza imezaliwa. Baada ya dakika tatu au nne modemu inapata mtandao, saa inarekebishwa. Zamani mimi nilipokuja na baiskeli, kufika kwangu saa ilikuwa keshajirekebisha, basi nikibonyeza mambo sawa. Uvivu wa baiskeli yangu ndio ulikuwa dawa, na mimi nikauondoa. Sasa programu ilikuwa inakurupuka kabla ya saa, inatafuta orodha ya Januari mosi, haipo, inafuata kasheria kangu, inachukua ya kwanza inayoikuta. Mzee Masanja huyo.

Na kwa nini majaribio yangu saba hayakuonyesha? Kwa sababu niliizima kwa adabu. Umeme ulikuwa ukutani, saa haikupotea. Vijana, msiijaribu mashine kwa adabu. Umeme wenyewe haukatiki kwa adabu. Chomoeni waya!

Na hili nilikuwa nimefundishwa, ndilo linalonikera. Ujana wangu nilikuwa mwendesha jenereta Bugarama, kwenye karasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu. Mwalimu wangu aliitwa Mzee Hamisi, mtu wa Tabora, mkali. Nilipowasha tu nilikuwa nakimbilia kuunganisha karasha. Akanishika sikio. "Jenereta imeamka, haijanawa uso! Tazama moshi ubadilike rangi, ndipo uipe kazi." Miaka yote hiyo nilijua, na bado nikaiamsha seva nikaitwisha mzigo kabla haijajua leo ni siku gani.

Nilikuwa nimeshika bisibisi, tayari kwenda dukani kutafuta kibetri, ndipo mlango wa stoo ukafunguliwa. Mzee mrefu, kofia ya pama, fimbo ya kuchungia mkononi.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba. Ya marehemu."

Kumbe ndiye Mzee Masanja. Nikamvutia kigoda. Akakaa, akaitazama mashine muda mrefu.

"Ndiyo hii inayoniua?"

"Ndiyo mzee. Nisamehe sana. Ni kosa langu, si la kijana Kwilasa. Leo hii hii naliondoa, hutasikia tena."

Akainua fimbo nikajikunja, kumbe alikuwa anausukuma mlango ufungike. Akashusha sauti.

"Ng'wana wane, mwanangu, nisikilize. Nina watoto watatu wa kiume. Wale mapacha, na huyu aliyewafuata, Shija. Mapacha walishakwenda machimboni, basi Shija nilitaka abaki achunge. Yeye akataka kuchimba. Tukagombana mbele za watu. Nikamwambia, kama unapenda kukaa chini ya ardhi nenda, na ukirudi unikute mimi ndiye niko chini. Neno hilo nilisema kwa hasira. Miaka minne sasa."

"Si umpigie simu, mzee?"

Akaniangalia kama niliyemtukana. "Baba anampigia mtoto? Aseme nini?" Kisha akakuna goti. "Juzi Kulwa alikuja. Doto alikuja. Jirani yangu, ambaye tumeshitakiana mara tatu kwa ajili ya mipaka, alilia mpaka akakaa chini. Sikujua ananipenda yule mbwa! Mke wangu ndiye hakulia."

"Alikuwa anakuona, mzee."

"Hata kidogo tu asingeweza? Haya. Lakini Shija hakuja. Labda alikuwa chini shimoni hakusikia. Nasema hivi, hilo tangazo liache. Kidogo tu. Mpaka asikie."

"Mzee, siwezi kukuua kwa makusudi."

"Nani kasema makusudi? Wewe si bado unatafuta tatizo?"

"Nimeshalipata."

"Tafuta lingine."

Hapo ndipo mtanihukumu, nihukumuni. Mimi pia ni baba. Minza wangu alikuwa Dodoma, simu yake ya mwisho ilikuwa ya Pasaka. Nikakirudisha kile kibetri kibovu mahali pake, nikakaza skrubu. Akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema, "Umeme unakatika lini tena?"

"Hilo hata wenyewe wenye umeme hawajui, mzee."

"Basi nitakaa tayari."

Akafa mara ya tatu Jumapili, katikati ya kwaya. Akafa mara ya nne Jumatano. Nami namwambia Mama Sayi, "Mama, natafuta chanzo, tatizo hili lina mizizi." Uongo mtupu. Chanzo kilikuwa kimelala mbele yangu kama paka.

Mambo Songwa yakaharibika. Waombolezaji walipungua, waliobaki wakawa wanauliza kwanza kama kuna nyama. Mama Kulwa, mkewe, akanipigia simu. "Baba Minza, nakuheshimu. Naomba tu mniambie mapema. Leo nimefiwa au sijafiwa? Maana nguo nyeusi nimezifua, hazijakauka." Walipokuja wachanja mifugo, mwenyekiti wa kitongoji akakataa kumwandika Mzee Masanja. Akasema amesikia kwa masikio yake, tena mara nne, na ng'ombe wa marehemu hawachanjwi mpaka mrithi ajulikane. Mzee akamwambia, "Si mimi huyu hapa nimesimama?" Mwenyekiti akasema, "Mzee, usiniingize matatani. Mimi nafuata redio."

Ukoo ukaitisha kikao cha kumpata mrithi, ili tu ng'ombe wachanjwe. Mzee Masanja akahudhuria. Akanyoosha mkono kutoa maoni, shangazi yake wa miaka tisini akamkemea, "Wewe nyamaza, jambo hili linakuhusu." Wakamteua Kulwa. Kulwa akasaini, ng'ombe wakachanjwa, na mzee akarudi nyumbani akaanza kumwomba mwanawe ruhusa ya kukamua maziwa.

Mara ya tano alikufa Jumatatu asubuhi. Mama Sayi akaniita. Sauti ilikuwa chini kabisa.

"Baba Minza. Ijumaa jioni huyo mzee awe hai moja kwa moja, ama wewe na mashine yako mtoke pamoja. Nimemaliza."

Nilimpigia mzee. Nikamweleza yote, na kwamba nimebakiza miezi minane kustaafu. Nilisikia ng'ombe wanalia kwa nyuma.

"Hata mara moja tena?"

"Hapana, baba. Nisamehe."

"Sawa. Fanya kazi yako." Halafu akasema, "Basi hatakuja tena." Akakata.

Nilifanya kazi ile kwa uchungu, lakini niliifanya sawasawa, na ndivyo inavyotakiwa hata mkono ukiwa mzito. Nilinunua kibetri kipya, kidogo hicho kilichotutesa wote. Nikaiambia huduma isianze mpaka saa imethibitishwa kuwa ni saa ya leo, na kama mtandao haupatikani, isubiri, isikurupuke. Kasheria kangu kale nikakang'oa. Mahali pake nikaandika: ukikosa orodha ya leo, piga ngoma, usitaje jina la mtu. Kisha nikachomoa waya ukutani. Sikuzima kwa adabu. Nikachomoa, nikahesabu mia, nikachomeka. Dakika tatu kimya, mashine inangoja saa yake. Halafu ikaanza na orodha ya leo, mahali pake hasa. Nikarudia mara kumi. Lile tangazo la Mzee Masanja nililihamishia kwenye kijisanduku changu mwenyewe. Kulifuta nilishindwa, sijui kwa nini.

Jumamosi umeme ukakatika, ukarudi. Zikapita dakika tatu. Ikaja ngoma, kisha salamu za wasikilizaji. Hakuna aliyekufa. Mama Sayi akanipa mkono. Kwilasa akacheza. Mimi nikaenda kukaa stoo peke yangu.

Jumatatu, kabla ya saa sita, mwanaume akasimama mlangoni kwetu. Vumbi jekundu mpaka kwenye kope, buti za mpira, taulo shingoni. Mkononi ameshika sanda mpya, bado iko kwenye mfuko wa dukani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, kijana. Karibu."

"Naomba kuuliza. Mzee Masanja wa Songwa alizikwa lini?"

Nikasimama bila kupenda. "Nani kakwambia amezikwa?"

"Redio yenu."

"Redio haijasema kitu!"

"Ndiyo maana nimekuja."

Nikamketisha. Akaificha sanda ile kwapani. Alikuwa Shija.

"Mara ya kwanza nililia," akasema. "Nikampigia Kulwa, nikamkataza kumwambia baba; akaniambia yuko hai, redio ilikosea. Mara ya pili nikapiga tena, yuko hai. Basi kule duarani kwetu, kwenye shimo tunalochimba, ikawa utani. Redio ikipotea ikirudi, wenzangu wanasema, haya Shija, mzee wako huyo, anakufa tena. Mimi nacheka nao. Mzee, nilikuwa nacheka, lakini moyoni nashukuru. Nilijua kwamba maadamu wanamtangaza, yupo."

Akajifuta uso kwa taulo, vumbi likawa tope.

"Jumamosi ikapotea, ikarudi. Wenzangu wote wananiangalia. Ngoma ikapigwa. Salamu zikasomwa. Baba hakutajwa. Sasa tangazo la msiba huondolewa lini? Si mpaka mtu azikwe? Nikampigia Kulwa, hapatikani. Doto, hapatikani. Nikajua limetokea. Baba aliniambia nikirudi nimkute chini. Nimekuja kumwona alipolala."

Nilimshika mkono nikamwambia, "Twende." Mama Sayi akauliza tunakwenda wapi katikati ya kazi. Kwilasa akamjibu, "Msibani," kwa sauti ile ile, na mama wa watu akatupisha.

Tulikodi pikipiki mbili. Njia nzima sikumwambia kitu. Nilitaka, nikaogopa. Labda kweli mzee alikuwa amefia ndani kwa huzuni, na mimi ndiye niliyemnyamazisha. Nilimwomba Mungu kwa Kisukuma na kwa Kiswahili, ili lolote asilisikie kwa moja alisikie kwa lingine.

Songwa tulifika jua la saa nane. Mama Kulwa alikuwa anapepeta mtama mlangoni. Alipomwona Shija, ungo ukasimama hewani. Akaonyesha zizi kwa kidevu.

Mzee Masanja alikuwa ameinama, anatoa kupe kwenye sikio la ndama. Ametupa mgongo. Shija akasimama kwenye lango la zizi, sanda mkononi. Akaita, kwa sauti ya mtoto kabisa:

"Baba. Shikamoo."

Mzee hakugeuka. Mkono wake ukabaki kwenye sikio la ndama. Ndama akatikisa kichwa, akachoka kungoja, akaondoka zake, na mkono ukabaki pale pale hewani. Kisha akageuka taratibu. Akamtazama kuanzia buti mpaka kope. Akaitazama sanda.

"Marahaba," akasema. "Umechelewa. Tulishazika."

Halafu akanyoosha mikono yote miwili. Na Mama Kulwa, aliyefiwa na mume mara tano bila kutoa hata chozi moja, ndipo akaweka ungo chini akalia.